Kunde Laini kwa Sufuria Moja na Kikaango Kimoja

Habari zenu, karibuni jikoni. Leo tunapika kunde, hizi nyeupe zenye jicho jeusi. Andaa vikombe viwili vya kunde kavu, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya mbili zilizoiva vizuri, mafuta vijiko vitatu vya chakula, na chumvi. Kunde zikiiva huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kiasi hiki kinatosha watu wanne hadi sita.

Kwanza tuzichambue. Zimwage kwenye sinia, uzitandaze, kisha upitishe mkono taratibu. Unatafuta vijiwe, vibonge vya udongo na kunde zilizobunguliwa. Ona hii hapa, ina kitundu kidogo cha duara. Hiyo weka kando. Usiruke kazi hii hata kama pakiti imeandikwa kwamba zimeshasafishwa, maana jino halijui pakiti imeandikwa nini. Ukimaliza, zioshe kwa maji mara mbili au tatu na uondoe zinazoelea.

Sasa, niloweke au nisiloweke? Kunde si maharage. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo unaweza kuzipika moja kwa moja zikiwa kavu. Tofauti ni muda: zilizolowekwa usiku kucha huiva kwa nusu saa hivi, na hizi ambazo sijaziloweka zitachukua dakika 45 hadi saa nzima. Ukiamua kuloweka, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya kulowekea. Najua umeambiwa chumvi hufanya kunde ziwe ngumu. Sivyo. Chumvi husaidia ganda kulainika, na ladha huingia mpaka ndani badala ya kubaki kwenye mchuzi.

Tia kunde kwenye sufuria, mimina maji vikombe saba, halafu washa moto mkali mpaka yachemke. Litapanda povu. Halina madhara, lakini litolee kwa kijiko ili mchuzi uwe safi na usifurike jikoni.

Yakishachemka, punguza moto. Tazama hapa: maji yanatokota polepole, vipovu vichache tu vinapanda. Moto ukibaki mkali, kunde zinagongana, maganda yanachanika, nje inakuwa uji na ndani bado ngumu. Funika sufuria, lakini acha mwanya kidogo. Chungulia mara mojamoja, na maji yakishuka chini ya kunde ongeza ya moto, si ya baridi, ili usikatishe mchemko.

Ikifika dakika ya 35, anza kuonja. Usionje moja ukaridhika. Chukua tano, tena kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, kwa sababu haziivi zote kwa pamoja. Iliyoiva huibonyeza kwa ulimi tu ikasagika, na haina unga katikati. Hata moja ikikataa, ziachie moto.

Na kama saa imepita bado zinagonga meno? Basi ama kunde ni za zamani, zimekaa ghalani mno, ama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Wengi hapo hukimbilia magadi. Kwa kweli yanalainisha, lakini yakizidi kunde zinavurugika, zinakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea. Mimi naona heri kuendelea kupika. Safari nyingine tumia maji laini.

Kitu kimoja nisikilize vizuri: nyanya, limau au siki zisiguse sufuria hii kabla kunde hazijaiva. Uchachu ndio unaozuia ganda kulainika. Ukitia nyanya mapema utakesha.

Zangu zimeiva, tuziunge. Pasha mafuta kwenye kikaango, tia kitunguu maji kilichokatwakatwa, na usiwe na haraka nacho. Kikaange kwa moto wa wastani mpaka kiwe cha dhahabu. Utamu wote wa mboga hii unatoka hapo. Tia kitunguu saumu kilichopondwa, ukoroge kwa nusu dakika tu, kisichelewe kikaungua na kuwa kichungu. Kisha nyanya na chumvi kidogo. Koroga mpaka nyanya zirojeke na mafuta yaanze kujitenga pembeni.

Mimina yote hayo kwenye sufuria ya kunde. Mchuzi wa kunde usiumwage, una ladha nyingi. Sasa chukua mwiko, ponda kunde kiasi cha upawa mmoja kwenye ukingo wa sufuria, kisha koroga. Umeona mchuzi ulivyoanza kuwa mzito? Hakuna haja ya unga wowote. Acha bila kufunika, moto mdogo, dakika kumi. Onja chumvi, zima moto, uziache zitulie kidogo kabla ya kupakua, na usizikaushe sana sasa kwa sababu zikipoa rojo litaongezeka lenyewe.

Zikibaki, ziweke kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo chenye mfuniko. Zinakaa siku tatu hadi nne. Wakati wa kupasha ongeza maji nusu kikombe na uzichemshe vizuri.