Springi za Jeep ya Vita: Kipuri Kibovu Usikitupe

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie vipuri vya springi za magari ya zamani ya jeshi. Magari hayo ni mengi, kwa hiyo nashika moja tu: jeep ya Vita Kuu ya Pili, iliyotengenezwa Marekani na Willys kwa jina la MB, na Ford kwa jina la GPW, kati ya 1941 na 1945. Zilitoka zaidi ya 600,000, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vipya vinatengenezwa na kuuzwa. Kupata utapata. Kazi ipo kwenye kupata kinachoingia.

Naomba mnishike neno hili: kipuri kibovu kisitoke gereji mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea. Watu hufungua springi, wakaona imelala na imeliwa na kutu, wakampa muuza chuma chakavu. Wiki ya pili wanatafuta nyingine kwa picha ya simu. Picha haikuonyeshi unene wa jani, yaani kila kipande bapa cha chuma kinachopangwa juu ya kingine kuunda springi.

Hesabu, kisha pima. Springi ya mbele ya MB ina majani 8, ya nyuma 9, na upana wa jani ni inchi 1¾ kote. Ukikuta idadi nyingine, jua kuna mtu alishapita hapo: ameongeza jani ili abebe mizigo, au amefunga springi ya jeep ya kiraia ya baada ya vita.

Springi mbili za mbele zinafanana kwa macho tu. Ya kushoto ni ngumu zaidi, kwa sababu upande huo ndiko anakokaa dereva, na tangi la mafuta liko chini ya kiti chake. Muuzaji akikwambia ana jozi ya mbele, muulize ya kushoto ni ipi. Asipojua, ondoka.

Sasa sheko, kile chuma cha umbo la U kinachoning'iniza springi kwenye chasisi. Hapa ndipo fedha zinapopotea. Sheko za jeep hii hazina mpira. Miguu yake ina nyuzi kama za bolti, na inazunguka ndani ya bushi za chuma, yaani vibomba vifupi vinavyoipokea, zenye nyuzi pia. Uhai wake ni grisi. Nyingine zina nyuzi za kushoto, zinazokazwa kwa kuzungusha kinyume cha kawaida, na alama yake ni kinundu kidogo kwenye mguu wa chini. Kinundu hicho hufichwa na rangi na tope la miaka, kwa hiyo piga brashi ya waya kabla hujagusa spana. Anayelazimisha upande usio wake anaua sheko na bushi kwa pamoja. Na unaponunua, ingiza sheko kwenye bushi kwa vidole palepale dukani. Ipite laini mpaka mwisho. Ikigoma katikati au ikicheza, irudishe.

Ukibahatika kupata akiba ya zamani ya jeshi ambayo haijafunguliwa, chuma chake kilichopakwa grisi nzito mara nyingi kiko salama. Mipira ya shokapu usiiguse. Mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi.

Jani moja likivunjika, mafundi springi wa malori hapa kwetu wanaliweza: wanapasha chuma cha springi, wanakunja kwa kufuata jani la zamani, wanazima kwenye mafuta, kisha wanarudisha kwenye moto mdogo ili lisiwe kama kioo. Nawaheshimu sana watu hawa. Ila asitokee mtu akachomelea jani lililopasuka. Litakatika tena, pembeni kidogo ya pale alipochomelea, na litachagua kona mbaya.

Wapo wanaotafuta herufi F, ambayo Ford iligonga mpaka kwenye bolti zake. Naipenda pia, na kwenye bolti za bodi naitafuta kwa moyo wote. Kwenye jani lenye ufa, F haina kazi, lining'inizwe ukutani.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nunueni mpya kila mara, na mzikaze tena baada ya gari kutembea kidogo. Haya, leteni ile springi hapa mezani. Mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, aanze na jani kuu, lile refu kuliko yote.