Ile Siku Moja ya Studio

Ndugu zangu, mmeshaisikia habari ya Oktoba 16, 1969. Vijana wanne wa Aston, Birmingham, wanaingia studio ya Regent Sound, London, na kwa saa kumi na mbili hivi albamu ya kwanza ya bendi yao ya roki nzito, Black Sabbath, imekwisha. Ni kweli tupu, lakini inavyosimuliwa inanikera, kana kwamba muziki ule uliwashukia asubuhi ileile. Kurekodi walirekodi siku moja. Kuiva kulichukua miaka, na ushahidi uko kwenye vidole vya mpiga gitaa wao, Tony Iommi.

Iommi anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, baada ya kula mchana, hakutaka hata kurudi. Mama yake akamwambia nenda ukamalize siku yako. Akarudi, akawekwa kwenye mashine asiyoizoea. Mashine ikashuka, naye alipouvuta mkono, ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kule. Akaambiwa asahau gitaa. Aliyemtoa gizani ni msimamizi wa kiwanda, aliyempelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono akabaki akicharaza solo kwa vidole viwili.

Basi kijana akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga ikawa kofia ndogo za vidole, akazisugua zikamkaa, akazibandika vipande vya ngozi zisiteleze. Nyuzi nene zilimuumiza na seti nyepesi za gitaa hazikuwepo madukani, akafunga za banjo. Na ncha za vidole sasa hazihisi uzi! Akabaki kutegemea sikio limwambie amebana kiasi gani. Usikilizeni ule wimbo unaofungua albamu: noti tatu, polepole, ya tatu inatetemeshwa mpaka inatisha, kisha anaiacha ining'inie. Hajazi nafasi. Mtu wa vidole vizima angeshindwa kujizuia.

Najua kuna anayetaka kunikatiza: si alilegeza nyuzi ndiyo maana sauti ikawa nzito? Hapana! Kulegeza kule kulikuja kwenye albamu ya tatu, mwaka 1971. Hii ya kwanza gitaa liko kwenye mlio wa kawaida. Uzito unatoka mkononi.

Halafu Hamburg, Ujerumani. Walipiga kwenye klabu ya Star-Club, maonyesho kadhaa kwa siku, siku baada ya siku, hata nyimbo zikarefuka zenyewe na kila mmoja akajua mwenzake atageukia wapi. Kwa hiyo produsa Rodger Bain alipowasha mitambo, walipiga pamoja kama wako jukwaani, mwimbaji Ozzy Osbourne akiimba papo hapo kwenye kichumba chake. Wimbo mmoja ukiwa umeshanaswa, gitaa la Iommi, Stratocaster, likaharibika. Akachukua jingine la akiba, SG, kazi ikaendelea. Fikirini bendi isiyozijua nyimbo zake ingefanya nini saa ile! Sauti za mvua na kengele za mwanzoni mwa albamu ziliongezwa baadaye.

Nilitaka kuwaeleza ngoma za Bill Ward zilivyojaa jazi, na besi ya Geezer Butler inavyotembea chini ya gitaa, lakini naoneshwa saa. Wahakiki je? Wapo walioiponda albamu ilipotoka Februari 13, 1970, nayo ikapanda hadi nafasi ya 8 Uingereza. Tusiwapotezee muda.

Kinachonileta hapa kila mara ni vijana wanaoniuliza waende studio gani, walipe siku ngapi, wimbo wenyewe umetungwa juzi. Nami nawauliza: mmeshaupiga mbele za watu mara ngapi? Mpaka sasa wengi wananijibu bado.