TEHAMA na Kazi Zake: Mazungumzo na Vijana wa Chake Chake

Asalaam aleikum, wanangu. Walimu wenzangu, na wazee mliofuatana na watoto wenu, karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya teknolojia ya habari na mawasiliano, TEHAMA, na kazi zilizomo ndani yake. Najua wengi wenu mkisikia jina hilo mnawaona watu wawili tu: fundi wa simu, na kijana anayekesha akiandika programu. Hao wamo. Lakini baina yao wamo watu wengi msiowaona, na mimi naamini riziki ya wengi wenu itatoka kwa hao msiowaona.

Tuchukue ujumbe mmoja. Unamwandikia shangazi yako aliyeko Maskati: KARAFUU ZIMEKAUKA. Simu haijui herufi. Inajua moja na sifuri basi. Kwa hiyo kila herufi imepewa namba. K kubwa ni 75, na 75 kwa mtindo huo huandikwa 01001011. Tazameni hapa ubaoni, zile moja zinasimama mahali pa 64, 8, 2 na 1, jumlisheni. Tarakimu nane hizo ni baiti moja. KARAFUU ina herufi saba, basi ni baiti saba, tarakimu 56. Picha na sauti nazo ni hivyo hivyo, ila tarakimu zake ni mamilioni.

Tarakimu hizo hutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio mpaka mnarani, kisha zinavuka hadi Dar es Salaam, na kutoka pale zinaingia baharini. Humo umelazwa mkongo, yaani waya mrefu wa mawasiliano unaopita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na maneno yako hupita humo yakiwa mwanga, kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Zamani tulitegemea zaidi satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ardhi. Swali lipande, lishuke, jibu nalo lipande na lishuke, nusu sekunde imekwisha. Ndiyo maana simu za nje zilikuwa na ule ukimya baina ya maneno.

Sasa, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo yote miwili ilikatika kusini huko. Mtakumbuka intaneti ilivyozorota nchi nzima. Siku kama hiyo mhandisi wa mitandao halali: anatafuta njia nyingine ya kupitishia mawasiliano, anaamua kipi kitangulie na kipi kisubiri, huku meli ikipelekwa kuuvua mkongo na kuunga nyuzi moja moja. Hiyo ni kazi ya TEHAMA, wala humo hamna programu ya kuuza.

Na umeme je? Mnara bila umeme ni chuma tu. Hapa Pemba mpaka mwaka 2010 tulikuwa tukiwashiwa na majenereta ya dizeli ya Wesha, ndipo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo wewe unayependa ufundi umeme usijione uko nje ya mazungumzo haya.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta ili zitafutike upesi, na nitaieleza kwa kituo. Fikirini hospitali inaacha mafaili ya karatasi na kuingiza wagonjwa kwenye kompyuta. Anakuja Khamis Juma Khamis. Mnajua sisi tunavyoitana: jina lako, la baba, la babu. Kina Khamis Juma Khamis wako wangapi kutoka Mkoani mpaka Micheweni? Ukitafuta kwa jina, dawa ya mmoja itaandikwa kwa mwingine. Basi anayebuni hifadhidata humpa kila mtu namba isiyojirudia, na vipimo vyote vinafungwa kwenye namba ile. Lakini ataijua vipi shida hii? Hapo anaingia mchambuzi wa mifumo, ambaye kazi yake ni kukaa na muuguzi asubuhi nzima, aone foleni inavyokwenda na daftari linavyoandikwa. Anayejua watu wa Pemba wanavyoitana ataibuni vizuri kuliko mgeni mwenye shahada tatu. Naisema hii kwa moyo wangu wote.

Zipo nyengine: ulinzi wa mitandao, usanifu wa tovuti, kuwahudumia watumiaji ofisini. Wasichana, msiambiwe kuwa hii ni kazi ya wanaume. Mwaka 1952 kule Marekani mwanamke aitwaye Grace Hopper alitengeneza programu ya kutafsiri maelekezo ya binadamu yawe lugha ya mashine.

Kwa masomo, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo Tunguu kule Unguja, na wanafundisha fani hii. Hisabati msiiache, na Kiingereza cha kusomea mjitahidi. Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na mazoezi yake ya mwanzo unaweza kuyafanya hata kwenye simu.

Sasa kalamu mkononi. Chora jedwali la darasa lako: jina, shehia, mwaka wa kuzaliwa, na safu ya namba isiyojirudia. Kisha tafuta wanafunzi wawili wenye jina moja uone jedwali lako litawatenganisha vipi. Mlioko mstari wa mbele nitaanza na nyinyi.