Diski Inapotaka Kusomwa Kama RAM

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Naona wengi wenu mnahudumia seva, kwa hiyo sitaeleza SSD ni nini. Nitaingia moja kwa moja kwenye jambo linalosemwa sana sasa: diski ambayo prosesa inaifikia kama kumbukumbu ya kawaida, huku kache zote, yaani hifadhi ndogo za haraka zinazoshika nakala za data, zikibaki zinapatana bila nakala moja kupingana na nyingine. Msimamo wangu nautoa mapema. Suala la kupatana limeshatatuliwa, tena vizuri. Kinachotusumbua bado ni flashi yenyewe, zile chipu zinazohifadhi data ndani ya SSD.

Kwanza tazameni safari ya ombi moja katika seva ya leo. Programu inataka baiti 64. Inauomba mfumo endeshi, nao unaandika ombi kwenye foleni ya NVMe, itifaki ya seva kuzungumza na SSD, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011. Diski inachukua ombi, inasoma bloki nzima, kwa kawaida ya baiti 4096, inaimwaga ndani ya RAM, kisha inaishtua prosesa kwamba kazi imekwisha. Mmetaka baiti 64, mmebebeshwa 4096. RAM haina mambo hayo. Amri moja ya kusoma inatolewa, baiti zinafika.

Mtu ataniuliza: si tulikuwa tayari tunaweza kuonyesha kumbukumbu ya kifaa cha PCIe, njia ya waya inayounganisha vifaa na prosesa, katika anwani za prosesa? Ndiyo, tuliweza. Hata NVMe iliruhusu diski kufungulia seva sehemu ya kumbukumbu yake. Tatizo ni kwamba prosesa haikuweza kuweka nakala ya data hiyo kwenye kache yake kwa usalama. Kila usomaji ulilazimika kuvuka waya kwenda na kurudi, hata kama unasoma kitu kilekile mara elfu.

Kwa nini nakala ni hatari? Fikirini duka lenye wauzaji wawili, kila mmoja ana nakala yake ya daftari la madeni. Mteja akilipa kwa wa kwanza, nakala ya wa pili imekuwa uongo papo hapo. Ndani ya prosesa kila kiini (core, sehemu inayotekeleza amri) kina kache yake, na data inashikwa kwa mistari ya baiti 64. Kiini kikitaka kuandika, lazima kwanza nakala za wengine zifutwe. Kanuni inayojulikana kama MESI, iliyochapishwa mwaka 1984 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, inaupa kila mstari hali moja kati ya nne: umebadilishwa, ni wangu peke yangu, tunashiriki, au haufai tena. Prosesa zetu bado zinatumia ukoo wa kanuni hiyo.

Mwezi Machi 2019 Intel na wenzake wakatangaza CXL, njia ya kuunganisha prosesa na vifaa, ambayo inapita juu ya waya zilezile za PCIe lakini inapeleka kanuni hizo nje ya prosesa. Ina sehemu tatu. CXL.io ni mambo ya kawaida ya PCIe, CXL.cache inakipa kifaa ruhusa ya kushika nakala za kumbukumbu ya seva, CXL.mem inaipa seva ruhusa ya kusoma na kuandika kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa. Diski inahitaji hasa hiyo ya mwisho. Prosesa ndiyo inayosimamia nani ana nakala gani, na kifaa kinajibu tu. Toleo la 3.0 la Agosti 2022 liliongeza kitu ambacho mimi nakipenda: kifaa chenyewe kinaweza kuidai prosesa irudishe au ifute nakala yake. Bila hilo, diski inayochuja data humo humo ndani ingekuwa inafanya kazi nyuma ya mgongo wa prosesa.

Sasa tuje kwenye muda. RAM iliyo karibu na prosesa inajibu kwa takriban nanosekunde 100. RAM iliyo nyuma ya CXL inachukua mara mbili au zaidi ya hapo, na hilo linavumilika. Flashi inachukua makumi ya maikrosekunde. Tuseme 50, yaani nanosekunde 50,000. Kwa prosesa ya gigahezi 3, hiyo ni mizunguko 150,000. Katika NVMe, mfumo endeshi ungeilaza programu na kuendesha nyingine. Lakini amri ya kusoma kumbukumbu haipiti kwa mfumo endeshi, kwa hiyo hakuna wa kumlaza mtu. Kiini kinaendelea na amri mia kadhaa za mbele, kisha kinasimama kikisubiri.

Ndiyo maana diski hizi hubeba RAM yao ndani, na flashi inakaa nyuma yake. Samsung ilionyesha ya kwake mwezi Agosti 2022, ikidai usomaji wa nasibu unakuwa bora hadi mara 20. Ni hesabu ya muuzaji, ichukueni hivyo. Uandishi nao una shida zake: flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani, hufutwa kwanza kwa mafungu makubwa, na kila ufutaji unaichakaza. Prosesa inayotupa mistari ya baiti 64 ovyo ingeimaliza haraka, kwa hiyo RAM ya ndani inakusanya kwanza, nayo inahitaji akiba ya umeme ili isipoteze kitu stima zikikatika.

Intel na Micron walikuwa na njia nyingine, 3D XPoint, waliyoitangaza mwaka 2015, ambayo kasi yake ilikuwa katikati ya RAM na flashi. Kwa kazi hii ingefaa kuliko flashi. Mwaka 2022 Intel ikatangaza kuifunga biashara ya Optane, jina ililouzia bidhaa za 3D XPoint, tukabaki na flashi.

Fanyeni hesabu ndogo. Data iliyo kwenye RAM ya diski ichukue nanosekunde 300, na ya flashi 50,000. Ukiikuta kwenye RAM mara 99 kati ya 100, wastani ni karibu nanosekunde 800. Ukiikuta mara 90, wastani unaruka hadi zaidi ya 5,200. Mifumo ya mapendekezo, ambako vitu vichache vinaombwa mno na vingi haviguswi, itafurahia diski hii. Kutembea kwenye grafu kubwa, yaani mtandao wa vitu vilivyounganishwa, ambako hatua inayofuata haitabiriki, hapana. Huko NVMe na foleni zake bado inashinda, kwa sababu maombi maelfu yanaweza kusubiri kwa pamoja bila kiini hata kimoja kusimama.