Bobcat 763 imegoma kutembea: kutengeneza breki ya kuegeshea

Mashine iliyo mbele yetu ni Bobcat 763, kipakiaji kidogo cha tairi nne chenye mikono ya kunyanyulia mbele. Injini inawaka vizuri, mikono inapanda na kushuka, lakini ukisukuma leva za kuendeshea injini inalemewa na tairi hazisogei hata inchi moja. Wengi wakiona hivi hukimbilia pampu. Pampu iache kwanza. Tairi za kushoto na za kulia zikigoma kwa pamoja, na injini unaisikia inalemewa, anza na breki.

Breki hii haina pedi wala kebo. Chini ya sakafu ya kebini, katikati ya mashine, kuna diski zenye meno makubwa, na juu yake inaning'inia kabari ya chuma. Solenoidi, yaani sumaku ya umeme, ikipata umeme inaivuta kabari juu. Umeme ukikatika, kabari inadondoka kati ya meno na tairi zinafungwa. Kwa hiyo fyuzi iliyoungua, waya ulioliwa na panya au fito ya kiti (ile ya usalama inayoshuka mbele ya dereva) isiyokaa sawasawa vitakupa dalili ileile ya kabari iliyopinda. Usifungue bolti hata moja kabla hujayaondoa hayo matatu.

Jaribu hili kwanza. Kaa kwenye kiti, funga mkanda, shusha fito, washa injini, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Bonyeza kitufe cha kuruhusu kazi huku ukizichezesha leva mbele na nyuma kidogo sana, kama upana wa kidole. Mashine ikiwa iliegeshwa mteremkoni, uzito wake wote umelalia ubavu wa kabari, na solenoidi haina nguvu ya kuichomoa. Ukisikia "ko!" chini ya miguu na mashine ikasogea, kabari ilikuwa imebanwa tu. Ikikubana tena kesho, fungua ukaikague.

Haikuachia? Zima injini, mikono iwe chini kabisa. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi. Nyanyua mashine kwa jeki, iketi juu ya stendi nne imara mpaka tairi zote zining'inie. Matofali hayafai, hupasuka bila kukuonya. Sasa fungua nati mbili za mbele za kebini, iinue hadi komeo la nyuma lishike, na usiingize kichwa mpaka umeliona kwa macho limeshika. Toa waya wa negativu wa betri, kisha ondoa bamba la sakafu.

Sogeza kamera hapa. Unaona hii? Udongo, kokoto na mabaki ya saruji vimeganda kuzunguka njia ya kabari. Kwangua kwa bisibisi, maliza kwa brashi ya waya na hewa ya kompresa. Usimwage maji ya presha juu ya solenoidi.

Sasa umeme. Solenoidi hii ina koili mbili ndani, yaani mizunguko miwili ya waya. Ya kuvuta ni ya waya mnene: inanyanyua kabari kwa nguvu, kisha inakatiwa umeme ndani ya muda mfupi. Ya kushikilia ni ya waya mwembamba, inaizuia kabari isidondoke muda wote unapofanya kazi. Chomoa plagi ya nyaya tatu, weka mita ya umeme kwenye ohm. Kwanza gusanisha ncha za mita na uandike namba unayoiona, maana nyaya za mita zenyewe zina ukinzani, na hapa tunapima kitu kidogo sana. Toa namba hiyo kwenye kila kipimo. Jozi inayosoma chini ya ohm 1 ni koili ya kuvuta na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya mashine). Waya unaobaki ni wa kushikilia, nao kwenda ethi usome ohm kumi na kitu. Mita isiposoma kabisa, koili imekatika, badilisha solenoidi.

Koili zikiwa nzima usishangilie bado. Koili ya ohm 0.3 kwenye volti 12 inadai kama ampea 40. Betri iliyochoka, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye mguso uliokwanguka au ethi yenye kutu haviwezi kuzitoa, hata kama taa zote kwenye dashibodi zinawaka. Rudisha plagi na waya wa betri, mtu akae mbali na tairi, kisha pima volti kwenye solenoidi wakati inapovuta. Ikishuka chini ya volti 10, rudi nyuma hatua kwa hatua: betri, fyuzi, relei, kiungo cha ethi kwenye bodi. Kiungo cha ethi fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza upya. Solenoidi nyingi zinazotupwa kama mbovu hazina kosa, kosa ni hapo.

Umeme uko sawa na kabari haipandi? Toa tena negativu, fungua bolti za solenoidi, itoe pamoja na kabari. Ipitishe kidole pembeni. Vinundu vidogo viondoe kwa tupa laini. Lakini pembe zikiwa zimeviringika, au ukiilaza juu ya bamba nyoofu ikacheza, hiyo imepinda: weka mpya. Usiijazie kwa welding, joto linaharibu ugumu wa chuma, na kipande kikikatika ndani kitaondoka na meno ya diski. Kabari ikiwa hivyo, mulika na meno yenyewe. Yaliyokatika ni kazi ya kufungua mfumo wa kuendeshea, na bei yake ni nyingine kabisa.

Na tafadhali, usiifunge kabari juu kwa waya ili kazi iendelee. Nimeomba kwa dhati. Siku injini ikizimika mteremkoni, hakuna kingine cha kutegemewa kitakachoishika mashine isimfuate aliye chini.

Unaporudisha, paka kabari mafuta mepesi tu. Grisi hukamata vumbi. Isukume plunja, ile fimbo ya ndani ya solenoidi, kwa mkono hadi mwisho wake: lazima ifike kabisa, kwa sababu ikibaki milimita 2 au 3 koili ya kushikilia haitaiweza na kabari itadondoka ukiwa kazini.

Shusha kebini, kaza nati zake, mashine ikiwa bado juu ya stendi. Washa, bonyeza kitufe, tairi zizunguke taratibu. Rudisha leva katikati, tairi zisimame, kisha inua fito: usikie kabari ikidondoka. Zungusha tairi kwa mkono. Itacheza kidogo mpaka jino likutane na kabari, hiyo ni kawaida. Rudia mara kumi, kisha zima na uguse solenoidi. Ikiwa ya moto kiasi cha kukurudisha mkono, koili ya kuvuta haikatiwi umeme: badilisha relei kabla solenoidi haijaungua.