Shangazi aliuliza: miaka mitatu kusomea kukanda?

Jamani, hamjambo? Kwema huko? Leo narekodia jikoni. Mwenzangu kalala chumbani, katoka zamu ya usiku, kwa hiyo hii sauti ya chini chini mtanivumilia.

Siku naondoka nyumbani Tanga, shangazi yangu aliniuliza mbele ya watu: "Yaani miaka mitatu unakwenda kusomea kukanda? Bibi yako kakanda Ngamiani nzima, na cheti hakuwa nacho." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa niko mwaka wa tatu hapa Leeds, Uingereza, nasoma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Shangazi, kaa vizuri nikujibu.

Siku ya kwanza ya vitendo tukaambiwa tuje na kaptura na singlendi. Hapa unajifunzia kwenye mwili wa mwenzako, leo wewe mgonjwa, kesho yeye. Mimi, mtoto wa kanga mbili! Nilikaa chooni dakika kumi nzima. Kumbe ukisema tu, unapangwa na wa kike mwenzio, mnavutiwa pazia, na kama kinachotakiwa ni goti, unafunua goti basi. Na kabla hujamgusa mtu unaomba ruhusa: nataka kugusa hapa, kwa sababu hii, sawa? Kila mara, hata kama ni rafiki yako mliyekunywa naye chai asubuhi. Niliona ni mbwembwe za Wazungu.

Halafu tukasimuliwa historia. London ya 1894 ilikuwa na nyumba zilizoandikwa masaji mlangoni, ndani biashara nyingine kabisa, wakubwa mmenielewa. Jarida la madaktari likapiga kelele, na kila mwenye kazi ya kukanda akawa anatiliwa shaka. Wauguzi wanne, mmoja wao Rosalind Paget, wakaanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa ili jina lao lisichafuke. Chama hicho ndicho leo kinaitwa CSP, cha wafiziotherapia wa Uingereza. Kwa hiyo shangazi hukukosea sana, mambo yalianzia kwenye kukanda kweli. Cheti kililetwa na heshima.

Sasa twende kwenye mkono wenyewe. Kuna kipimo kinaitwa cha Lachman, cha kuangalia kama kano iliyo katikati ya goti imekatika, ile inayowamaliza wachezaji wetu wa mpira. Mgonjwa kalala chali, goti umelikunja kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta mguu wa chini kuja mbele. Kusoma ni dakika tano. Nilifanya wiki mbili, sihisi kitu! Navuta, nasema "ndiyo, ndiyo," naongopa tu.

Mwalimu wetu mmoja aliwahi kukatika kano hiyo zamani na hakuwahi kuitengeneza. Akapanda kitandani, akatuambia tupange foleni. Nikavuta goti lake lisilo na tatizo: mguu ukaja kidogo, ukagota, tap, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nikavuta la pili. Likaja, likaja, halafu likawa linaishia kwenye uji. Jamani, nilipiga kelele! Hakuna kitabu kingenipa ule uji. Hapo ndipo nilimkumbuka bibi, aliyekuwa akifumba macho anapokanda. Nilikuwa nadhani anasinzia.

Tena hawa wana namna yao ya kufundisha ambayo niliipenda, iliandikwa na daktari mpasuaji, Rodney Peyton, mwaka 1998. Kwanza mwalimu anafanya kitendo kimya, kwa mwendo wake wa kawaida. Anarudia polepole akieleza. Mara ya tatu mikono ni yake lakini maelezo ni yako: "Sasa shika hapa, sasa vuta." Mara ya nne ndiyo unafanya mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo inayotuumbua. Nikimwona mwalimu kaweka mkono tayari ananitazama anisubiri, najua kabisa nilichokuwa nacho kichwani ni moshi.

Na mtihani. Mnazunguka vituo, kengele inalia unaingia, kengele inalia unatoka. Mtindo huu alianza nao Ronald Harden kule Dundee, Scotland, miaka ya 1970, kwa madaktari. Kituo changu cha tatu: mhamishe mgonjwa toka kitandani kwenda kwenye kiti mwendo. Nimejitambulisha, nimeomba ruhusa, nimemweleza, tabasamu kubwa. Breki za kiti sikufunga. Kiti kikateleza nusu hatua, msimamizi akakidaka, na aliyekuwa akiigiza ugonjwa akanishika bega kwa hofu ya kweli. Kituo kizima nikafeli, maana jambo la usalama halina alama za huruma. Nililia kwenye basi namba 6 mpaka mama mmoja akanipa leso.

Nilirudia nikafaulu. Kisha kuna fildi hospitalini. CSP wanataka saa 1,000 kabla hujahitimu, na huko ndiko unakutana na mgonjwa asiyekaa kama kwenye picha. Wadogo zangu mnaotamani kazi hii, msidhani ni lazima mpande ndege. Moshi pale hospitali ya KCMC wanafundisha, ulizieni.

Nilikuwa sijamaliza na shangazi. Mwaka jana mume wake, mjomba, alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Nikaona kwa video namna wanavyomwinua: mtoto mmoja anavuta mkono ule mlegevu, mjomba anakunja uso. Nikasema acheni, acheni! Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia, ukilivuta linaumia. Nikatumia zile hatua nne, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai huku, mwenzangu akiwa mgonjwa kwenye kitanda changu. Mlaze ubavu, miguu ishuke, akae. Nyayo chini zote. Ainamie mbele, pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kiti kiwe upande wenye nguvu.

Juzi mjomba kainua mguu wa kushoto mwenyewe, bila kusaidiwa. Kwenye mizani yetu ya kupimia nguvu za misuli hiyo ni 3 kati ya 5, na shangazi akataka kujua 5 inauzwa wapi. Halafu akaanza kunieleza yeye anavyomhamisha, hatua kwa hatua, nami nimenyamaza nasikiliza. Alipofika mwisho akakatiza: "Na breki, mwanangu, sisahau." Kisa cha mtihani nilimsimulia mwenyewe, sasa kila mtu Ngamiani anacho. Ila kiti chao ni cha plastiki, hakina breki. Kakisukuma mpaka ukutani, kaweka na gunia la mchele.