Pima kirusi cha mpapai kabla hujashika panga

Haya, karibuni tena kitaluni Bunju. Wanaouliza bei ya miche, ipo hapo chini ya video. Leo tunapima ugonjwa wa pete za mpapai.

Tazameni. Jani lina batobato, majani ya juu yamekonda, kikonyo kina michirizi ya kijani kilichokolea. Na tunda lina pete. Hizo pete ndizo mimi naziamini, maana utitiri nao hukunja majani ya juu hivihivi, ukang'oa mti bure.

Vaa glavu mpya kwa kila mti. Chuma jani changa lenye dalili, weka kipande kwenye kifuko cha kipimo chenye maji yake, sugua kwa nje mpaka yawe ya kijani. Twende.

Sasa hapa, jamani. Hapa! Ndani ya kifuko kuna wavu: huku makapi, huku maji yaliyochujwa. Kikaratasi cha kupimia kinaingia kwenye maji yaliyochujwa, kikiwa wima, ncha tu. Usivuke mstari wa kikomo ulio kwenye kikaratasi. Narudia, usivuke mstari.

Ngoja, ngoja, sogeza kamera. Mnaona ncha hiyo? Imenasa kapi. Hiki tupa, leta kingine. Najua bei yake inauma, tupa tu.

Upande wa makapi hapana! Haya, wima... hapo. Acha hadi nusu saa. Bodaboda, tunarekodi bwana!

Kinasomwa kama kile cha malaria: mistari miwili, kirusi kipo, hata wa pili ukififia. Wa juu pekee, hakijaonekana. Wa juu usipotokea, kipimo kimeharibika.

Kuna aina mbili, P na W. P inashika mpapai na jamii ya matango, W haishiki mpapai. Kikaratasi hakizitenganishi. Anayetaka undani ni wa maabara. Kwa hapa Dar, TARI Mikocheni, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana watafiti wa virusi vya mimea. Kirusi hiki vinasaba vyake ni vya RNA, kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA, jeni ya ganda lake ikazalishwa kwa PCR, yaani ikanakiliwa mara nyingi, ikasomwa na kulinganishwa na za nchi nyingine.

Haya, mistari miwili. Dawa ya kuuponya mti haipo, na kupulizia vidukari, wadudu wanaokieneza, hakuzuii vya kutosha: kidukari akidunga sekunde chache tu, ameshaambukiza. Ng'oa leo, na miche mipya usiipande karibu na matikiti wala maboga.